Chakula cha Paka cha Makopo: Namna ya Kusoma Lebo Kabla ya Kununua

Sheria na vijitabu kama hiki humwita mnunuzi wa bidhaa "mlaji". Katika chakula cha paka jina hilo linamkaa mtu vibaya, kwa kuwa anayelipa hali, na anayekula hawezi kusoma, kulinganisha bei wala kurudisha kopo dukani. Hata ladha si shahidi wa kutegemewa. Paka aweza kukipenda mno chakula ambacho, kikiwa ndicho pekee anachopewa kwa miezi mingi, kitamdhuru. Kwa hiyo kazi yote ya kuchagua inabaki kwa mwenye paka, na chombo chake ni kile kipande cha karatasi kilichozungushwa kwenye kopo.

Makopo mengi yaliyo katika rafu za maduka makubwa ya miji yetu huagizwa kutoka nje, na lebo zake zimeandikwa kwa Kiingereza, pengine pamoja na Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu. Kwa sababu hiyo tutayataja maneno ya Kiingereza kama yalivyochapwa, ili msomaji ayatambue akiwa dukani. Inafaa pia kujua tangu mwanzo kwamba upande wa mbele wa kopo, wenye picha na jina, ni tangazo la biashara. Habari zenyewe ziko nyuma, kwa herufi ndogo.

Mnyama anayekula nyama kwa lazima

Binadamu na mbwa huweza kuishi kwa mchanganyiko wa nafaka, mboga na nyama kidogo, kwa sababu miili yao hutengeneza yenyewe baadhi ya virutubishi ambavyo chakula hakikuvileta. Paka hana uwezo huo kwa ukamilifu. Hawezi kuigeuza rangi ya manjano iliyomo katika karoti au boga kuwa vitamini A. Sharti aipate ikiwa tayari, kwa mfano katika maini. Wala hawezi kutengeneza kwa kiasi cha kumtosha kirutubishi kiitwacho taurini, ambacho humo katika nyama na samaki, lakini katika nafaka hakimo.

Taurini inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa historia yake ndiyo inayoonyesha umuhimu wa lebo. Katika miaka ya 1970 wataalamu walithibitisha kwamba paka anayekosa taurini huharibika sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na hatimaye hupofuka. Kisha mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na daktari wa mifugo Paul Pion, walieleza kwamba paka waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo uliotanuka na kulegea walikuwa na upungufu wa kirutubishi hichohicho. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wao hawakuwa wakila makombo. Walikuwa wakila vyakula vya dukani, vya watengenezaji wenye sifa, ambavyo viliaminiwa kuwa vinatosha. Walipoongezewa taurini, mioyo ya wengi ilipata nafuu. Watengenezaji wakabadili michanganyiko yao, na ugonjwa huo ukapungua sana.

Tangu hapo viwango vya Marekani hudai taurini nyingi zaidi katika chakula cha makopo kuliko katika chakula kikavu: asilimia 0.2 ya chakula kisichohesabiwa maji, dhidi ya asilimia 0.1. Sababu ni joto la kupikia makopo, ambalo hubadili chakula kwa namna inayoufanya mwili wa paka upoteze taurini zaidi. Ndiyo maana neno "taurine" huonekana karibu na mwisho wa orodha ya viambato. Si kemikali ya kuogopwa. Ni jambo jema kuliona pale.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona paka wa nyumbani kwetu zamani walikula ugali na vichwa vya samaki wakazeeka? Swali ni la haki. Paka wa zamani hakula ugali peke yake. Usiku alitoka, akakamata panya, mijusi na ndege, na panya mzima ni chakula kamili cha paka: ana nyama, maini, mifupa na taurini. Ugali ulikuwa nyongeza, na windo ndilo lililokuwa chakula. Paka wa leo anayefungiwa ghorofani hana windo. Kila anachokosa kwenye kopo, hakipati popote.

Sentensi iliyo muhimu kuliko picha

Kama mnunuzi ana muda wa kusoma sentensi moja tu, basi na aitafute ile inayosema kama chakula ni kamili au ni cha nyongeza. Katika makopo yanayofuata kanuni za Ulaya sentensi hiyo ni fupi: "complete pet food" au "complementary pet food". Maneno hayo mawili yameanza kwa herufi zilezile na mtu mwenye haraka huyachanganya kwa urahisi, ilhali maana zake zimeachana kabisa. La kwanza ni chakula kinachoweza kuwa mlo wa pekee wa paka siku zote. La pili ni kitoweo tu: kinafaa juu ya chakula kingine, na hakifai kusimama peke yake.

Makopo ya Marekani hutumia maneno marefu zaidi. Lililo kamili husema "complete and balanced" na kutaja umri wa paka anayelengwa. Lisilo kamili husema kwamba ni kwa ajili ya "intermittent or supplemental feeding". Viwango hivyo hutungwa na chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama nchini humo, kinachojulikana kwa kifupi AAFCO. Hapa inafaa kusahihisha dhana moja iliyoenea: AAFCO haipimi wala haiidhinishi chakula chochote. Hutunga viwango, anayedai kuvifikia ni mtengenezaji mwenyewe. Baadhi yao hufika hapo kwa hesabu za mchanganyiko, na baadhi kwa kuwalisha paka chakula hicho na kuwachunguza. Jaribio la paka wazima huhitaji angalau paka 8 kwa wiki 26. Lebo hutaja njia iliyotumika, na msomaji akiona maneno "feeding tests" ajue kwamba kuna paka waliokula kweli.

Chunguza kwa uangalifu makopo madogo yenye vipande vyeupe vya jodari au kuku katika mchuzi mwepesi au jeli. Mengi hutoka Thailand, ambayo ni miongoni mwa nchi zinazouza nje chakula cha paka kwa wingi. Nyama yake huonekana safi hata mtu akatamani kuonja, orodha yake ya viambato ni fupi, na paka hukimbilia. Lakini mara nyingi nyuma yake pameandikwa "complementary". Si udanganyifu, kwa kuwa imesemwa, na viwanda vya nchi hiyohiyo hutengeneza pia makopo yaliyo kamili. Kosa hutokea nyumbani, mtu anapoona uzuri wa vipande akaamua kwamba hiki ndicho chakula bora, akakifanya mlo wa kila siku. Paka anayelishwa jodari mtupu kwa muda mrefu anaweza kukosa vitamini E ya kutosha, mafuta ya mwilini mwake yakavimba na kumuuma kiasi cha kutotaka kuguswa.

Kwa sababu hiyohiyo jodari wa kopo aliyeandaliwa kwa ajili ya binadamu si mbadala, wala chakula cha mbwa si mbadala, hata kikiwa cha bei ghali. Mbwa mwenye afya hutengeneza taurini yake, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuitia humo.

Umri nao uangaliwe. Chakula kilichoandikwa "adult maintenance" ni cha paka mzima. Paka mtoto, na paka jike mwenye mimba au anayenyonyesha, wanahitaji kopo lililoandikwa "growth", "kitten" au "all life stages".

Jina la chakula na kiasi kilichomo

Watu wengi hudhani kopo lenye picha ya kuku limejaa kuku. Kanuni hazisemi hivyo. Nchini Marekani chakula kinachoitwa kwa jina la nyama peke yake, mathalani kuku wa paka bila neno jingine la kupunguza, lazima nyama hiyo iwe angalau asilimia 95 ya viambato, ukiondoa maji yaliyoongezwa kiwandani. Likiongezwa neno kama "dinner", "entrée" au "platter", kiwango hushuka hadi asilimia 25. Likiwekwa neno dogo "with", yaani chenye kuku, kiwango hushuka hadi asilimia 3. Na likiandikwa "flavor", hakuna asilimia inayodaiwa. Yatosha ladha iweze kutambulika.

Ulaya neno "with" humaanisha angalau asilimia 4. Hata hivyo, kanuni za huko zina faida moja kwa msomaji makini: kiambato kilichotiliwa mkazo mbele ya kopo, kwa maneno au kwa picha, lazima asilimia yake itajwe nyuma. Ndiyo maana mtu hugeuza kopo lenye picha ya kuku mzima wa kuokwa na kukuta pameandikwa "meat and animal derivatives", na kando yake kuku asilimia 4. Sehemu iliyobaki ya nyama ni ya wanyama wasiotajwa, na mtengenezaji anaruhusiwa kuwabadilisha kufuatana na bei ya soko.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa nyumba zisizotaka nyama ya nguruwe iingie jikoni mwao. Maneno "meat and animal derivatives" hayasemi ni mnyama gani. Anayejali aache kopo hilo na achukue linalotaja kila mnyama kwa jina lake.

Maneno "premium" na "gourmet" yasimchukulie mtu muda. Katika kanuni za Marekani hayana maana yoyote iliyowekwa, na mtengenezaji hudaiwa kwayo si zaidi ya anavyodaiwa asiyeyatumia.

Orodha ya viambato

Viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Kwa paka, kinachotakiwa kuongoza orodha ni nyama, samaki au viungo vya ndani vilivyotajwa kwa jina: kuku, maini ya kuku, ng'ombe, dagaa. Maji au mchuzi ukitangulia si kosa, kwa kuwa chakula cha kopo kina maji mengi kwa asili yake. Kinachofuata baada ya maji ndicho cha kupimwa.

Neno "by-products" limepewa sifa mbaya isiyostahili. Maana yake ni sehemu za mnyama zisizo nyama ya misuli: mapafu, figo, bandama, maini, utumbo uliosafishwa. Katika kanuni za Marekani nywele, pembe, meno na kwato haziruhusiwi kuingizwa humo. Sisi tunaopanga foleni kwa ajili ya supu ya utumbo hatuna sababu ya kumkunjia paka uso. Tatizo la neno hilo ni kutotaja kwake: "chicken by-products" humwambia mnunuzi jambo, "animal by-products" humwambia kidogo sana.

Nafaka kidogo haimdhuru paka mwenye afya. Inayohitaji jicho ni gluteni ya ngano, ya mahindi, na unga wa soya zikiwa juu katika orodha. Hivyo ni vyanzo vya protini vya bei nafuu, na huipandisha tarakimu ya protini bila kuleta nyama. Tarakimu hiyo yenyewe ina udhaifu wa kufahamika: maabara kwa kawaida haihesabu protini, hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Chochote chenye naitrojeni huhesabiwa kuwa protini. Mwaka 2007 udhaifu huo uligharimu uhai wa paka na mbwa wengi huko Marekani na Kanada, pale gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilipogunduliwa kuwa imetiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi. Wanyama walikufa kwa figo kushindwa kazi, na mtengenezaji mmoja pekee alilazimika kuondoa sokoni makopo na pakiti zipatazo milioni 60. Mwaka uliofuata hila hiyohiyo ilifichuliwa katika maziwa ya watoto wachanga nchini China.

Chini ya orodha huja vitu vya kushikiza mchuzi, kama "guar gum" na "carrageenan", kisha vitamini na madini. Vitamini B1 ikitajwa, kwa jina la "thiamine", ni vema, kwa kuwa joto la kiwandani huiharibu na lazima irudishwe. Rangi na sukari hazina kazi kwa paka. Ulimi wake hauhisi utamu kabisa. Vimewekwa kwa ajili ya jicho la anayelipa.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo wengi hupotoshwa pasipo mtu kuwadanganya. Mnunuzi huona pakiti ya chakula kikavu yenye protini asilimia 32, na kopo lenye asilimia 11, akaamua kwamba kopo ni duni. Hakulinganisha chakula na chakula; alilinganisha chakula na chakula kilichochanganywa na maji. Dawa yake ni kuondoa maji kwanza. Tazama asilimia ya "moisture", itoe katika 100, kisha gawanya protini kwa kilichobaki na uzidishe kwa 100.

Kopo lenye unyevu wa asilimia 78 limebakiwa na 22 za chakula. Protini 11 gawanya kwa 22 ni nusu, yaani asilimia 50. Chakula kikavu chenye unyevu wa asilimia 10 kimebakiwa na 90, na protini 32 gawanya kwa 90 ni takribani asilimia 36. Kwa hesabu hii kopo ndilo lenye protini nyingi zaidi. Kiwango cha chini cha AAFCO kwa paka mzima ni asilimia 26, na kwa paka anayekua ni asilimia 30, zote zikihesabiwa bila maji.

Hesabu hiyohiyo hufichua makopo yanayouza mchuzi. Tuchukulie makopo mawili ya gramu 85 yenye bei moja. La kwanza lina unyevu asilimia 78 na protini 11. La pili, lenye vipande ndani ya mchuzi, lina unyevu asilimia 86 na protini 8. Katika la kwanza umenunua karibu gramu 19 za chakula chenyewe, na ndani yake protini zaidi ya gramu 9. Katika la pili umenunua karibu gramu 12, protini ikiwa chini ya gramu 7. Maji si mabaya. Humsaidia paka, ambaye kwa tabia hanywi sana, na husaidia njia yake ya mkojo. Lakini maji ya bombani ni rahisi zaidi kuliko ya kopo.

Lebo nyingi hazitaji wanga. Anayetaka kuukadiria ajumlishe protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu, kisha aitoe jumla hiyo katika 100. Kinachobaki ndicho wanga. Kwa chakula cha kopo kibaki kidogo.

Paka wa kilo 4 asiye na kazi nyingi huhitaji takribani kilokalori 200 hadi 250 kwa siku, na kopo kamili la gramu 85 kwa kawaida huwa na 70 hadi 100. Maana yake ni makopo mawili na nusu hadi matatu kila siku, gharama ambayo nyumba nyingi haziwezi kuibeba. Hakuna aibu kumlisha paka chakula kikavu kilichoandikwa "complete" na kumwongezea kopo pale fedha inaporuhusu, almuradi maji safi yawepo daima. Mpangilio huo ni bora mara nyingi kuliko kumshibisha kwa makopo ya bei nafuu yasiyo kamili. Makopo ya nyongeza yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Paka mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au mawe ya mkojo achaguliwe chakula na daktari wa mifugo. Kijitabu hiki hakimtoshi.

Kopo lenyewe

Usinunue kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu kwenye maungio au lililobonyea ukingoni, hata likipunguzwa bei. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi iliyogongwa juu ya bati, na uilinganishe na iliyo kwenye kibandiko cha muagizaji kama kipo. Zikihitilafiana, ya kwenye bati ndiyo ya mtengenezaji. Ukishalifungua, kilichobaki kiwekwe kwenye jokofu kikiwa kimefunikwa, kitumike ndani ya siku mbili au tatu. Katika joto la pwani chakula kisiachwe kwenye sahani kutwa nzima.

Ikitokea paka ametapika, amelegea au amekataa kula baada ya kopo fulani, mpeleke kwa daktari, na usilitupe kopo. Lihifadhi pamoja na chakula kilichobaki, lebo na risiti ya duka, na unakili namba ya toleo, ambayo hugongwa karibu na tarehe na mara nyingi hutanguliwa na neno "batch" au "lot". Pasipo namba hiyo mamlaka ya kumlinda mlaji haiwezi kujua ni shehena ipi ya kuzuia bandarini au kuondoa madukani.